Fritz Pollard: Mkufunzi mweusi ambaye ligi ilimsahau

ART Shell alipokabidhiwa timu ya Los Angeles Raiders mnamo Oktoba 1989, wapo waliodhani kuwa hakuna mtu mweusi aliyewahi kuwa mkufunzi mkuu katika ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani, mchezo ule wa mpira wa umbo la yai unaofanana na raga. Walikosea kwa miaka 68.

Frederick Douglass Pollard, aliyefahamika zaidi kama Fritz, alizaliwa jijini Chicago Januari 27, 1894. Alipewa jina la mtumwa mashuhuri aliyetoroka na kupigania ukombozi wa weusi wenzake. Alikuwa mfupi na mwepesi kwa mchezo unaopenda majitu, lakini mbio zake ziliwatia kiwewe walinzi. Akiichezea Chuo Kikuu cha Brown, mnamo Januari 1, 1916 alikuwa mweusi wa kwanza kushiriki mchuano wa Rose Bowl.

Alijiunga na Akron Pros ya jimbo la Ohio mwaka wa 1919. Msimu uliofuata, ligi ilipoanzishwa rasmi, Akron ilitwaa ubingwa bila kushindwa hata mara moja. Mnamo 1921 akafanywa mkufunzi mwenza huku angali anacheza. Vijana wa kizungu walipokea amri kutoka kwa mtu ambaye hoteli na mikahawa mingi ya nchi hiyo isingemruhusu kuvuka kizingiti.

Uwanjani hakukuwa na nafuu. Mashabiki walimtusi, na wapinzani walimrukia hata baada ya kuanguka. Hivyo alijifunza kugeuka chali upesi na kuinua miguu, njumu zikiwaelekea waliotaka kumlalia. Hakujibu kwa ngumi. Alijibu kwa kufunga.

Alitundika daluga 1926. Baada ya msimu wa 1933 ligi ilifunga mlango: hadi 1946 hakuna mweusi hata mmoja aliyesajiliwa. Sheria ya kuwazuia haikuandikwa popote, nao wenye timu walikana kwamba ilikuwepo. Pollard hakukaa kitako. Kati ya 1935 na 1937 aliinoa Brown Bombers, timu ya weusi mtaani Harlem, New York, akinuia kuonyesha kwamba wanasoka wa rangi mbili wangeweza kukutana uwanjani bila rabsha. Alichapisha pia gazeti la weusi jijini humo. Mwanawe, Fritz mdogo, alishinda nishani ya shaba ya mbio za kuruka viunzi katika Olimpiki za Berlin, 1936.

Pollard alifariki Mei 11, 1986 akiwa na umri wa miaka 92, miaka mitatu kabla ya Shell kuteuliwa. Jumba la heshima la ligi lilimwingiza 2005. Jumba hilo limo Canton, mwendo mfupi kutoka Akron, na siku hiyo mjukuu wake ndiye aliyesimama jukwaani kwa niaba yake.