Mswidi wa Mkanda wa Gari

Kila nipandapo matatu ya Malindi nikakaa mbele karibu na dereva, mimi humkumbuka Mswidi mmoja ambaye kazi yake twaivaa vifuani.

Marehemu Nils Bohlin alizaliwa mwaka 1920 katika mji wa Härnösand, Uswidi. Ujana wake aliutumia katika kampuni ya ndege ya Saab, akiunda viti vya kumrusha rubani nje ndege inapoharibika angani. Mwaka 1958 kampuni ya magari ya Volvo ilimchukua awe mhandisi wake wa usalama. Hapo akatambua kwamba rubani hukubali kufungwa kamba za kila namna, lakini mwenye gari hataki kusumbuliwa hata dakika moja.

Mikanda mingi ya zamani ilifunga kiuno tu, na kifungo kilikaa tumboni. Gari ligongapo, mkanda wenyewe uliweza kuumiza matumbo, nacho kichwa kikaenda mbele bila kizuizi. Bohlin aliupitisha mkanda mmoja begani, ukashuka kifuani, kisha ukalala juu ya nyonga, na kifungo akakiweka chini ubavuni. Wavuta kwa mkono mmoja, wafunga, basi. Uzito ukabebwa na mifupa, si tumbo laini.

Mwaka 1959 mkanda huo ulitiwa katika magari ya Volvo, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Kwangu mimi, hilo lapita hata ufundi wenyewe. Mwaka 1967 Bohlin alitoa uchunguzi wa ajali 28,000 za Uswidi: chini ya mwendo wa maili 60 kwa saa hakufa hata mmoja aliyejifunga, na wasiojifunga walikufa hata katika mwendo mdogo.

Alifariki Septemba 21, 2002, akiwa na umri wa miaka 82. Hakuiona Februari 2004, sheria ilipolazimisha matatu za Kenya ziwe na mikanda. Mwaka huo nilipewa mkanda usio na kifungo. Niliushika mkononi mpaka tukawapita polisi, kisha nikauachia, nikijiambia kuwa ajali ni kudra. Nami nimesoma chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee!

Wengine huupitisha chini ya kwapa usiwabane shingo, nao huweza kuvunja mbavu. Wengine hujifunga pamoja na mtoto waliyempakata, na gari likigonga mtoto hubanwa na uzito wa mzazi wake.

Juzi binti yangu, mja mzito wa miezi saba, aliulaza mkanda juu ya tumbo lake. Nilimwonyesha: wa chini upite chini ya tumbo, ukaze kwenye nyonga, wa juu upite kati ya maziwa hadi begani. Akalalamika kuwa wamkunja buibui. Nilingoja mpaka alipouweka sawasawa, ndipo nikaondoa gari.