Imamu Shafii na Bidoni ya Siki

Likizo iliyopita, kwetu Gishubi, mama alikuta bidoni ya juisi ya ndizi aliyoisahau miezi mingi, kifuniko kimelegea. Ilikuwa kali kama siki. Akaniuliza: mwanangu, tuimwage au tuitie kwenye kachumbari? Mimi ninayesoma dini chuoni nikanyamaza. Aibu hiyo ilinirudisha kwa mtu ambaye wengi wetu tunafuata madhehebu yake bila kumjua.

Muhammad bin Idris Shafii alizaliwa Gaza mwaka 150 Hijria (767). Alikuwa yatima, na mama yake, asiye na mali, akamhamishia Makka. Alihifadhi Qur'ani akiwa na miaka saba, kisha akaenda Madina kusoma Muwatta kwa Imamu Malik mwenyewe. Baghdad alisoma kwa Muhammad bin Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa. Miaka ya mwisho aliishi Misri, akafariki huko mwaka 204 (820), Mungu amrehemu.

Kitabu chake al-Umm kinaanza na tohara na maji. Maji yakichanganyika na kitu, je, bado ni maji? Yakizidiwa na maziwa, ni safi kuyanywa lakini hayafai kutawadhia. Siki nayo ni safi, ila haiondoi najisi. Kazi hiyo ni ya maji.

Wanakemia huiita siki mmumunyo: asidi ya asetiki, kama asilimia 5, imeenea sawasawa ndani ya maji. Hamira hugeuza sukari kuwa alkoholi, kisha bakteria, wakipata hewa, huigeuza alkoholi kuwa asidi.

Madhehebu ya Shafii yanatazama mageuko hayo hayo. Kileo kikigeuka siki chenyewe, kimetoharika pamoja na chombo chake. Kikitiwa kitu ili kigeuke, hakitohariki: kitu kile kilinajisika kwa kileo, nacho kimebaki humo kuinajisi siki. Wafuasi wa Abu Hanifa wao wanairuhusu.

Mama hakutia kitu. Nilihakikisha kwa mwalimu wangu, nikampigia simu: siki ile ni halali. Akacheka. Alikwisha kuimwaga siku ile ile niliponyamaza.

Ndugu zangu, tusome kabla hatujaulizwa.