Fadhili William: Stori ya msee wa Malaika, ngoma inayotuliza hata harusi ya Kanyakine

Hebu jipate kwa harusi moja ya Jumamosi pale Kanyakine, kwa ile barabara ya Meru kwenda Embu. DJ amerusha watu mpaka vumbi imepanda. Halafu bendi inashika gita, polepole, na hema yote inatulia. Shosho anaimba. Mtoto wa darasa la pili anaimba. Hata wewe unaimba, na huwezi kumbuka ni nani alikufunza hayo maneno.

Hiyo ni Malaika. Sasa swali: unamjua msee aliyeitoa kwa rekodi ya kwanza?

Anaitwa Fadhili William Mdawida, kijana wa Taita, mzaliwa wa 1938. Karibu mwaka wa 1960, akiwa na Jambo Boys, aliirekodi Nairobi. Baadaye akairudia na Equator Sound Band, kwa studio ya Charles Worrod. Na si bendi ya mchezo hiyo: ilikuwa na Daudi Kabaka, Nashil Pichen na Peter Tsotsi, mbogi iliyowasha jiji na twist siku hizo Kenya inanusa uhuru.

Lakini Malaika haikuwa ya kuruka. Ni ngoma ya kijana amependa manzi, anataka kumuoa, na mfuko umetoboka. Ukiwa Meru, mahali mahari inahesabiwa kwa mbuzi na ng'ombe kabla hujaongea lingine, hiyo stori haihitaji kuelezwa. Na haitaki vyombo mingi. Gita moja na sauti moja zinatosha, umati unajaza penye pamebaki. Ndio maana kwa jukwaa haizeeki.

Miriam Makeba aliliona hilo mapema. 1965 ilitoka kwa albamu yake na Harry Belafonte, ile iliyobeba Grammy. 1966 akaiimba jukwaani Stockholm, mbele ya Waswidi ambao Kiswahili hawakuwa nacho hata cha kuombea maji. Boney M wakaichukua 1981, Angélique Kidjo akafuata 1991. Na hapa nyumbani, bendi za hoteli za Pwani zimewaimbia watalii miaka nenda miaka rudi.

Sasa ndio noma inaanza. Ngoma ikishakuwa kubwa, wenyewe wanakuwa wengi. Kuna wanaosema aliyeitunga ni Adam Salim, Mtanzania, miaka ya 1940, akimlilia manzi aliyeolewa na mwenye pesa. Wengine wanamtaja Grant Charo. Fadhili alishikilia ni yake. Kitu hakina ubishi ni kwamba sauti yake ndiyo iliibeba kwanza kwa santuri, na bila hiyo santuri pengine Makeba hangekuwa na cha kuimba.

Ona maajabu: wimbo wa kijana aliyekosa mapenzi kwa sababu ya chapaa ukaishia kugombaniwa kwa sababu ya hiyo hiyo chapaa.

Fadhili alihamia Marekani miaka ya 1980, akaishi huko muda mrefu. Alifia New Jersey, Februari 2001, akiwa na miaka 62. Dunia iliijua ngoma. Sura ya msee, wengi hawakuijua.

Kwa hivyo wewe unayetunga hits kwa simu ukiwa bedsitter, skia. Kabla utume beat kwa WhatsApp ya kila mtu, andikisha kazi yako KECOBO, weka tarehe, weka jina. Na kama mmetunga wawili, andikeni wawili. Ubishi wa miaka sitini huanza na karatasi moja yenye haikuandikwa.

Na siku bendi ikishika hiyo gita tena Kanyakine, kabla uanze kuimba, geukia jirani yako kwa kiti umwambie: huyo ni Fadhili, wa kutoka Taita.