David Marshall: Waziri Kiongozi aliyepewa ofisi chini ya ngazi

Singapore ni kisiwa cha Asia kilichotawaliwa na Waingereza kwa zaidi ya miaka 100. Takriban watu watatu kati ya wanne ni wa asili ya China, ambao wazee wao walikuja kutafuta kazi na biashara. Hata hivyo, kiongozi wa kwanza wa serikali ya kuchaguliwa hakuwa Mchina. Alikuwa David Marshall, Myahudi ambaye ukoo wake ulitoka Baghdad, Iraq.

Marshall alizaliwa Singapore mwaka 1908, akawa wakili maarufu wa kesi za jinai. Katika Vita Kuu ya Pili alitekwa na Wajapani, akapelekwa Hokkaido, Japani, kufanyishwa kazi ngumu.

Aprili 1955 chama chake, Labour Front, kilipata viti 10 kati ya 25 vilivyopigiwa kura, naye akawa Waziri Kiongozi. Gavana Mwingereza hakuwa amemwandalia ofisi. Marshall akatishia kuweka meza yake nje, chini ya mti ambapo alikuwa akihutubia wananchi wakati wa kampeni. Ndipo akapewa chumba kidogo chini ya ngazi.

Hapo akaanzisha utaratibu mpya: mwananchi yeyote mwenye shida aje aonane naye. Kwa watu waliozoea kumwogopa mtawala, hilo lilikuwa jambo kubwa. Pia aliwatetea wakazi wengi waliozaliwa China, ambao hawakuwa na haki ya kupiga kura, wapewe uraia. Akataka Kichina, Kimalay na Kitamil vitumike bungeni, si Kiingereza peke yake.

Mwaka 1956 alikwenda London kudai Singapore ijitawale. Alikuwa ameahidi kwamba akishindwa atajiuzulu. Mazungumzo yalikwama kwenye suala la usalama wa ndani, na Juni mwaka huo aling'atuka. Alikuwa ameongoza kwa miezi 14 tu.

Mwaka 1957 alianzisha Workers' Party, chama ambacho hadi leo ni cha upinzani bungeni. Baadaye alikuwa balozi nchini Ufaransa. Alifariki mwaka 1995.

Viongozi waliomfuata waliuendeleza utaratibu wake. Hadi leo wabunge wa Singapore hukaa na wananchi jioni kusikiliza shida zao.

Je, msikilizaji, mbunge au diwani wako ana siku maalumu ya kukusikiliza?