Tatu na redio zake

Wengi wetu tunamjua Che Guevara kwa picha: kofia yenye nyota, ndevu, macho yanayotazama mbali. Mimi nilimfikia kwa njia nyingine. Nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na siku za mapumziko hufungua redio mbovu nione kama zitasema tena. Ukiyatazama maisha yake kutoka upande huo, unakuta mtu aliyetaka sauti yake ifike mbali bila adui kujua alipo.

Alizaliwa Rosario, Argentina, mwaka 1928, akaishi na pumu tangu utotoni. Alipenda kuchezea vyombo. Mwaka 1950, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alifunga mota ndogo kwenye baiskeli akazunguka nchi yake kwa zaidi ya kilomita 4,000. Alihitimu mwaka 1953, akakutana na Fidel Castro huko Mexico, na Desemba 1956 wakashuka Cuba kwa mashua ya Granma, watu 82.

Milimani Sierra Maestra alianzisha Radio Rebelde, iliyorusha matangazo yake ya kwanza tarehe 24 Februari 1958. Mtambo ulikuwa mdogo mno. Kwa masimulizi yake mwenyewe, waliosikia siku hiyo walikuwa wawili: mkulima aliyeitwa Pelencho, mwenye kibanda kwenye kilima cha mbele, na Castro aliyekuwa amekuja kuwatembelea. Nadhani kila aliyewahi kuunganisha redio kwa mikono yake anaijua furaha ya kusikika na jirani mmoja. Miezi michache baadaye Cuba nzima iliisikiliza.

Kisha akaja kwetu. Tarehe 24 Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akafika Kibamba, upande wa Fizi, kuwasaidia waasi wa mashariki. Hakujitaja. Wacuba walipewa majina ya namba za Kiswahili: Dreke, mkuu wao mbele ya watu, akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, Che akawa Tatu, daktari na mkalimani. Kijana Mkongomani, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumfundisha Kiswahili, bila kujua kwanza anamfundisha nani.

Hapo mwanaisimu lazima asimame kidogo. Wa tatu ni cheo. Watatu ni hesabu ya watu. Tatu peke yake haina kiambishi cha ngeli, haisemi kama ni mtu, kitu au siku. Na pwani Tatu ni jina la mwanamke. Mkubwa alijificha nyuma ya namba inayomfanya mdogo, katika lugha ambayo kila mpiganaji kando ya ziwa aliielewa. Naona ni msimbo mzuri kuliko mingi iliyotengenezwa kwa hesabu.

Siri haikuvujia kwenye jina. Tarehe 29 Juni walishambulia Bendera, Wacuba wanne wakafa, na mmoja alikuwa amebeba shajara. Adui akajua Wacuba wapo. Oktoba, Castro alisoma hadharani Havana barua ya kuaga ambayo Che alimwachia. Che mwenyewe aliona kwamba kusomwa kwa barua hiyo kulimtenga na wapiganaji wake, kwa kuwa sasa alikuwa mtu aliyekwisha kuiaga Cuba. Angani nako kulikuwa na masikio: meli ya Kimarekani Valdez ilizunguka Bahari ya Hindi ikinasa mawimbi ya redio. Wapo wanahistoria wanaosema ilinasa pia mawasiliano ya kundi lake. Wengine wanakataa kwamba Washington ilijua alipo. Novemba 21 alivuka ziwa kurudi Tanzania, ameshindwa.

Bolivia, alikoingia Novemba 1966 kwa pasipoti ya Uruguay na kichwa kilichonyolewa, redio ilimgeuka. Mitambo ya kurusha iliharibika. Akabaki anapokea ujumbe wa Havana bila kuweza kujibu. Hebu fikiria hali hiyo: mwanzilishi wa kituo cha redio, msituni, masikio bila mdomo. Agosti 1967 alisikia kwenye taarifa ya habari kwamba jeshi limegundua pango walimoficha nyaraka, dawa na picha. Kwa picha zile polisi walimtambua Loyola Guzmán, mtunza fedha wa mtandao wao mjini La Paz, wakamkamata. Nani kati yetu hapa Bukavu hajawahi kufuta picha kwenye simu kabla ya kufika kwenye barieri?

Alikamatwa Oktoba 8, akauawa siku iliyofuata katika kijiji cha La Higuera. Katika vitu vyake ilikutwa karatasi ya kuandalia ujumbe kwa Castro. Kila herufi iligeuzwa tarakimu moja au mbili, tarakimu zikapangwa tanotano, kisha zikajumlishwa na ufunguo wa kutumika mara moja tu. Ufunguo ukiwa wa bahati nasibu na usiporudiwa, hakuna hesabu inayouvunja.

Nimejaribu kutengeneza jedwali kama lile kwa Kiswahili. Herufi zinazojirudia sana hupewa tarakimu moja ili ujumbe uwe mfupi. A ilichukua nafasi ya kwanza bila mshindani, i ikafuata. Q na x nimeziacha nje kabisa, na nafasi zao nimeziweka ng' na ny.