Fridtjof Nansen: Mnorwei aliyepima vilindi vya Aktiki

Kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard upo mlango wa bahari uitwao Mlango wa Fram. Ndiyo njia pekee yenye kina kirefu inayounganisha Bahari ya Aktiki na bahari nyingine za dunia. Jina lake limetokana na meli ya Fridtjof Nansen, mtafiti wa Norway ambaye baadaye alijulikana pia kuwa mtetezi wa wakimbizi.

Nansen alizaliwa tarehe 10 Oktoba 1861 karibu na Christiania, mji ambao leo huitwa Oslo. Alisomea elimu ya wanyama, na mwaka 1888 alipata umaarufu alipovuka barafu ya Greenland kwa ski akiwa na wenzake watano. Walianzia pwani ya mashariki, iliyokuwa na watu wachache mno, hivyo usalama wao ulikuwa ng'ambo ya pili tu.

Mwaka 1884 mabaki ya Jeannette, meli ya Marekani iliyozama kaskazini mwa Siberia mwaka 1881, yaliokotwa kusini-magharibi mwa Greenland. Nansen alitambua kwamba lazima upo mkondo unaokatiza Aktiki. Akaundiwa Fram, meli yenye mbavu za mviringo ili barafu ikiibana iinuke badala ya kupasuka. Wazoefu wengi wa safari za Aktiki waliupinga mpango wake wakiuona kuwa ni kujitakia kifo.

Mnamo Septemba 1893 Fram iliachwa igandishwe kwa makusudi. Iliburutwa na barafu kwa karibu miaka mitatu, ikachomoka karibu na Svalbard Agosti 1896. Nansen na Hjalmar Johansen walikuwa wameiacha Machi 1895 kuelekea Ncha ya Kaskazini. Walifika nyuzi 86 na dakika 14, kisha wakapitisha majira ya baridi katika kibanda cha mawe, wakila nyama ya dubu na sili-farasi. Watu wote 13 wa safari hiyo walirudi hai.

Vipimo walivyoleta vilibadili elimu ya bahari. Wengi walidhani Aktiki ina kina kifupi. Kamba za kupimia zilipokosa kugusa chini, mabaharia walifumua waya wa chuma wa meli wakasokota kamba mpya, wakapata kina cha zaidi ya mita 3,000. Waligundua pia kwamba chini ya maji ya juu, yaliyo baridi na yenye chumvi kidogo, limo tabaka la maji yenye joto zaidi na chumvi nyingi, yaliyotoka Atlantiki.

Siri ni uzito. Maji yakipoa huwa mazito. Bahari inapoganda, chumvi nyingi huachwa katika maji yaliyobaki, nayo huzidi uzito na kuzama. Katika Mlango wa Fram, maji ya Atlantiki huingia upande wa mashariki, na barafu pamoja na maji baridi hutoka upande wa magharibi. Kusini zaidi, kati ya Greenland na Iceland, maji mazito huvuka kizingiti cha sakafu ya bahari na kuporomokea kwenye kilindi cha Atlantiki. Mzunguko huo husaidia kusambaza joto duniani.

Nansen hakuwa sahihi katika kila jambo. Aliamini kuwa tuta refu chini ya bahari huziba njia kati ya Greenland na Svalbard. Vipimo vya baadaye vilionyesha kina cha zaidi ya mita 2,500. Hata hivyo, alihangaikia usahihi maisha yake yote, akabuni chupa ya kutekea maji kilindini iliyotumika duniani kote kwa miongo mingi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ushirika wa Mataifa ulimkabidhi kazi ya kurudisha makwao wafungwa wa vita zaidi ya 400,000, na mwaka 1921 ukamteua Kamishna Mkuu wa Wakimbizi. Pasipoti ya Nansen, iliyoanzishwa mwaka 1922, iliwapa watu wasio na nchi hati ya kuvukia mipaka. Mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Alifariki tarehe 13 Mei 1930. Umoja wa Mataifa hutoa tuzo ya wakimbizi kwa jina lake. Mwaka 1983 ilipewa Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania.