Jenerali China: Kutoka tepe mbili za Keya hadi nyota begani

Jeshi lina milango miwili, na wewe unajua ni upi uko karibu na kijana wa Kawangware. Wa kwanza ni wa makurutu. Unakimbizwa uwanjani, unapimwa urefu na uzani, unakaguliwa meno, na ukibahatika unapelekwa Eldoret. Wa pili ni wa makadeti: unaenda Lanet, Nakuru, chuo cha maafisa, na ukitoka una nyota begani na watu wazima wanakupigia saluti. Kati ya milango hiyo kuna ukuta, na mara nyingi ukuta wenyewe ni karatasi ya shule. Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo sitakuhubiria kuhusu makaratasi. Nataka tu nikupe stori ya msee mmoja aliyeingia kwa mlango wa kwanza akiwa kijana, akaja kutokea kwa ule wa pili miaka kama ishirini baadaye, akiwa amepitia vita vya dunia, msitu, hukumu ya kifo na jela.

Jina lake ni Waruhiu Itote. Wengi mnamjua kama Jenerali China wa Mau Mau.

Lakini kabla ya kumfikia, kama unaishi Kibera jua tayari uko ndani ya stori hii. Unaitembelea kila siku ukienda Toi kutafuta mtumba. Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali ya kikoloni ilitenga ardhi hiyo kwa askari wa Kinubi wa King's African Rifles, jeshi ambalo babu zetu waliliita Keya. Kibra kwa Kinubi ni msitu. Wazee wa Makina husema hata jina la Laini Saba lilitokana na uwanja wa shabaha wa askari hao. Walipigania Mwingereza, wakapewa mahali pa kulala, ila hati ya ardhi hawakupewa. Hati ya jamii, ya ekari 288, ilikuja 2017. Piga hesabu mwenyewe.

Hivyo ndivyo Keya ilivyoenda na watu wake. Tepe za mkononi ungepata, ukajituma ukawa koplo, sajenti, hata sajenti meja. Nyota za begani zilikuwa za Wazungu. Ungekuwa umepigana miaka kumi, na bado angeletwa kijana wa Kiingereza ambaye ndevu hazijaota vizuri, nawe ungesimama wima mbele yake useme ndiyo afande.

Itote alizaliwa Nyeri 1922. Mwaka wa 1939, akiwa na miaka 17, alikuja Nairobi kama wengi wetu au wazazi wetu walivyokuja: kutafuta. Akajaribu biashara ndogo ya mboga na wenzake. Haikunyooka. Mji ule haukumtaka Mwafrika mwenye duka, ulimtaka Mwafrika mwenye jembe au sinia. Januari 1942 akajiandikisha Keya. Hakuwa na hasira ya kumpiga Mjapani aliye mbali, alikuwa kijana asiye na kitu mbele yake. Hiyo sababu bado inajaza viwanja siku ya usajili.

Wakampeleka Burma. Kule askari wa Afrika Mashariki walipigana 1944 kwenye mvua na matope ya bonde la Kabaw, malaria juu yao. Itote alipandishwa hadi koplo, tepe mbili. Ila kitu alichorudi nacho kikubwa kuliko tepe ni maswali. Baadaye aliandika kwamba askari mmoja Mwingereza alimuuliza kwa nini anajitolea kufa kwa ajili ya nchi inayomtawala. Akiwa India akakutana na askari Mmarekani mweusi, ambaye alimsimulia jinsi watumwa wa Haiti walivyojikomboa. Fikiria koplo wa Nyeri, mbali na nyumbani, akisikia mambo hayo kwa mara ya kwanza.

Vita vikaisha. Cheo hakikumsaidia kitu mtaani. Akapata kazi ya kuchochea moto kwenye injini za reli, halafu akajiunga na vijana wa mjini waliokuwa wamechoka kusubiri. 1950 akala kiapo. Agosti 1952 akaingia msitu wa Mlima Kenya na kikosi kidogo.

Na hapa ndipo utaona mafunzo ya Keya yanavyofanya kazi yakigeuzwa upande. Itote hakuendesha genge. Aligawa watu kwa vikosi, akaweka vyeo, walinzi, madaftari ya majina na hesabu za silaha. Barua zilienda na kurudi kati ya msitu na vijiji. Kila alichokuwa ameona wakubwa wake Wazungu wakifanya Burma, alikifanya chini ya mianzi, tena na watu ambao wengi wao walikuwa na panga tu au bunduki ya kujitengenezea. Koplo ambaye Keya haikuona kama angefaa hata kuwa luteni akawa jenerali wa maelfu.

Januari 15, 1954 akapigwa risasi shingoni na akakamatwa. Akahojiwa na Ian Henderson, polisi aliyezungumza Kikuyu kama mwenyeji, kwa muda wa saa 68. Mapema Februari akahukumiwa kunyongwa. Mwezi Machi hukumu ikabadilishwa, kwa sababu alikubali kuwaandikia wenzake msituni barua za mazungumzo ya kuweka silaha chini. Mazungumzo yakavunjika Aprili.

Najua kuna watu mpaka leo wanamwita msaliti kwa hilo. Kuna wanaosema alikuwa ananunulia watu wake muda. Mimi naona hivi: mtu mwenye kidonda shingoni na kitanzi mbele yake aliandika barua, na sisi tunaosoma haya kwa simu tukiwa na chai mezani tuende polepole na hukumu. Lakini pia siwezi kukuambia barua zile hazikuwagharimu wengine. Zilimpa Henderson mwanga kuhusu msitu ambao hakuwa nao.

Wakampeleka Lokitaung, Turkana, jua na mawe, pamoja na Jomo Kenyatta na wenzake wa kesi ya Kapenguria. Hapo ndipo stori inapogeuka. Itote hakuwa na shule ya maana. Kenyatta akakaa naye akamfundisha Kiingereza. Ule ukuta niliokwambia mwanzoni, wa karatasi, jamaa alianza kuuparamia akiwa mfungwa.

Akaachiliwa 1962. Uhuru ulikuwa mlangoni na Kenyatta alihitaji maafisa Waafrika. Keya ilikuwa imeanza kuwapa Waafrika nyota kwa kuchelewa sana, 1961, na hao walikuwa watu waliobaki upande wa serikali. Itote akapelekwa Israel kusomea uofisa. Manze, hebu simama hapo kidogo. Huyu alikuwa anakaribia miaka 40. Aliwahi kuamuru maelfu. Sasa anaamshwa alfajiri, anapanga mstari, anasoma ramani na vitabu vya mbinu za vita, anasahihishwa. Leo ukifika miaka 27 mlango wa kadeti wa kawaida ushafungwa. Yeye alikubali kuanza upya kama mwanafunzi ili apate kile ambacho msitu haungempa: uofisa ambao hakuna mtu angeweza kuubishia.

Akarudi afisa. Lakini jeshi alilolikuta lilikuwa la Keya na jina jipya. Januari 24, 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, wanajeshi wa kambi ya Lanet waliasi, mishahara na maafisa Waingereza wakiwa kati ya malalamiko yao. Ndiyo, Lanet ile ile penye chuo cha makadeti leo. Waingereza ndio waliozima uasi. Na waliopanda ngazi baadaye ni waliokaa ndani: Joseph Ndolo, aliyeanza kama askari wa kawaida wa Keya, akawa mkuu wa jeshi la nchi kavu 1966. Kwa watu wa msituni nafasi ilikuwa finyu. Musa Mwariama alitoka Mlima Kenya 1963 na watu wake, wakapewa shangwe. Jenerali Baimungi, aliyekataa kunyamaza kuhusu ardhi, aliuawa na vikosi vya serikali huru 1965.

Itote akapelekwa National Youth Service ilipoanzishwa 1964, akawa mkurugenzi msaidizi. Mkurugenzi wake alikuwa Geoffrey Griffin, Mzungu aliyewahi kuwa afisa wa Keya enzi za hali ya hatari, yule yule wa Starehe. Sijui wewe ungeweza, asubuhi ya kwanza, kuingia ofisini na kumsalimia. Wao walifanya kazi pamoja, wakichukua vijana wasio na kazi na kuwafunza gwaride, barabara na ufundi. Vijana wa NYS waliochimba mitaro na kujenga vyoo Kibera 2014 walitoka kwenye shirika hilo.

Alistaafu 1984 na kufariki 1993. Aliacha vitabu viwili vya maisha ya msituni, cha kwanza cha 1967, vyote vimeandikwa kwa lugha aliyofundishwa Lokitaung.